Wa Ngapi Safari Hii?

Kila Jumamosi, kazi katika karakana ilisimama kabla ya chakula cha mchana. Baba alizima mashine ya kuchomelea, akakining'iniza kinyago chake kwenye msumari, akajifuta jasho kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko huo uso wenyewe. Kisha akaita kwa sauti ya mtu anayetangaza biashara:

"Kitinda! Leta simu!"

Kitinda alikuwa mtoto wa mwisho, na jina lake la shule hata waliompa walikuwa wamelisahau. Alikuwa darasa la sita. Nyumba nzima, yeye peke yake ndiye aliyeelewana na ile simu yenye kioo kilichopasuka, na kazi yake ya Jumamosi ilikuwa ile ile. Anampigia kaka yake, anamwamkia, halafu anabonyeza spika na kuitumbukiza simu ndani ya kopo tupu la rangi lililokaa juu ya meza ya vyuma. Kopo lile lilikuza sauti ajabu. Hata mtu aliyekuwa kwa kinyozi, ng'ambo ya njia, kichwa kimenyolewa nusu, alisikia kila neno.

Na wasikilizaji hawakukosekana. Kinyozi alikuja na kiti chake mwenyewe. Wateja waliofuata mageti na madirisha yao walikuwa wameshaijua saa hiyo, wakaifanya ndiyo saa yao ya kuja kudai. Wakishatulia, Baba aliegemeza mikono juu ya meza, akainamia kopo kama mtu anayechungulia kisima, na kuuliza:

"Injinia! Wa ngapi safari hii?"

Injinia mwenyewe alikuwa bado hajawa injinia. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha uhandisi, kile chuo ambacho watu wakikitaja huteremsha sauti kidogo. Kuingia pale si mchezo. Hakuna mwingine wa mtaa ule aliyewahi kuingia. Tangu chekechea kijana huyu alikuwa wa kwanza, na tangu siku alipofaulu kwenda chuoni hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Mama akawa Mama Injinia. Baba akachukua brashi akaandika juu ya mlango, kwa herufi nyekundu zilizolala upande: KARAKANA YA BABA INJINIA.

Huko chuoni walikuwa na desturi yao. Kila wiki palikuwa na mtihani, na kila Ijumaa majina yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Kaka aliwahi kuwasimulia jambo hilo likizoni, akicheka. Baba hakucheka. Alilipokea kama zawadi, na hapo ndipo simu ya Jumamosi ilipozaliwa.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. "Wa nne, Baba," ilisema sauti kutoka kwenye kopo.

"Wa nne? Hao watatu wanakula nini?"

Watu walicheka, na Kaka naye alicheka kutoka huko mbali, kicheko kikavu kama kikohozi. Halafu akawa wa tisa. Halafu akasema namba nyingine ambayo Kitinda hakupenda kuikumbuka.

"Umeanza kulala huko, eh?" Baba aliuliza, na mishipa ya shingo ikamsimama.

"Mwache, Baba Injinia," kinyozi alisema huku akijipepea kwa gazeti. "Labda huko wenzetu wanahesabu kutoka chini!"

Watu wakaangua kicheko. Ndani ya nyumba, cherehani ya Mama, iliyokuwa ikienda mbio, ilinyamaza ghafla. Kisha ikaanza tena, kwa kishindo kuliko kwanza.

Sasa, kati ya kumwamkia Kaka na kubonyeza spika palikuwa na nafasi ndogo. Ilikuwa nafasi ya pumzi mbili tatu, ambapo Kitinda na kaka yake walikuwa peke yao sikioni. Kaka aliijaza kwa utani. "Shikamoo bosi," angesema yeye aliyestahili kuamkiwa, na Kitinda angecheka kimyakimya. Lakini Jumamosi moja utani haukuja.

"Kitinda, usiweke spika kwanza."

"Baba ananitazama," Kitinda alinong'ona.

"Jina langu liko chini kabisa ya ile karatasi. Chini yangu kuna pini tu."

Kitinda alidhani ni mzaha. Alisubiri kicheko, lakini alichosikia ni pumzi, nzito, ya mtu aliyepanda ngazi nyingi. Aliwatazama watu waliomzunguka. Kinyozi alikuwa ameshakunja nne kwenye kiti chake. Baba alikuwa ameinama, sikio kwenye kopo tupu, uso umejaa matumaini kama wa mtoto anayengoja pipi.

Kwa kweli hakupanga kusema uongo. Ulimtoka tu. Alikata simu kwa kidole gumba, akasema, "Laini imekatika, Baba. Lakini ameshaniambia. Amekuwa wa pili."

"Wa pili!" Baba aliruka, akapiga meza mpaka vipande vya nondo vikadondoka. "Mmesikia? Amepanda! Nilijua mimi! Yule damu yangu!"

Kitinda alijiambia kwamba amemficha kaka yake aibu, na hilo lilikuwa kweli. Lakini lilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiishi kwa jina lile. Shuleni alikuwa mdogo wake Injinia. Mwalimu Mkuu alimtaja mbele ya gwaride, wasichana wakubwa walimgombania kukaa naye, na alipokosea hesabu mwalimu alisema, "Umeteleza tu, nyinyi kwenu mna vichwa." Nani anapenda kushushwa kutoka mahali kama hapo? Basi uongo ule ulimpendeza kwa pande zote mbili, kama ubani unaonukia hata kwa aliyeuwasha.

Kumbe uongo una miguu yake. Jumatatu Baba alikwenda shuleni amevaa shati la kutokea, akaahidi kwamba Injinia, akija likizo, atazungumza na wanafunzi wote juu ya siri ya kufaulu. Mwalimu Mkuu akatangaza. Baba akachukua vyuma vizuri alivyokuwa amewekewa na mteja, akaanza kumtengenezea mwanawe meza ya kusomea, yenye droo na mahali pa kuning'iniza taa. Na kinyozi, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akaomba namba ya simu ya Injinia ili ampongeze mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata Kaka alipokea simu mara moja, kana kwamba alikuwa ameishika mkononi.

"Umenifanya wa pili," alisema.

"Nisamehe, Kaka. Nilitaka..."

"Sasa nitashukaje kutoka huko?"

Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililomtisha Kitinda. Kaka yake, ambaye zamani ukimgusa tu daftari anakuja juu, alizungumza taratibu kama anayesoma maneno ukutani.

"Silali, Kitinda. Nikifumba macho naziona namba tu, zinashuka. Chakula nakitazama mpaka kinapoa. Wenzangu wote hapa walikuwa wa kwanza makwao, unajua hilo? Wote. Na wote wanaogopa, lakini hakuna anayesema."

"Mwambie Mama."

"Usithubutu. Ukimwambia mtu, mimi na wewe basi. Apa."

"Kaka..."

"Apa!"

"We mtoto," Baba alinguruma, "unamaliza salio kwa umbeya wenu! Weka spika!"

"Haki ya Mungu," Kitinda alisema ndani ya simu, akabonyeza.

"Injinia! Wa ngapi safari hii?"

Kisha kopo likasema, "Wa pili tena, Baba," na karakana yote ikalipuka kwa vifijo. Kitinda alitoka, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alitaka kulia lakini hakujua alie kwa jambo gani, maana kila mtu alikuwa na furaha.

Wiki ile hakuwa mtu. Darasani alisikia sauti ya kaka yake badala ya sauti ya mwalimu. Alimfuata Mama kwenye cherehani, akasimama, akaokota vipande vya nyuzi sakafuni, akaviviringisha vidoleni. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, na msimu ule kitambaa cha bluu kilikuwa kimejaa mpaka kitandani.

"Una nini wewe?" Mama aliuliza, pini midomoni.

"Sina kitu."

"Mtu hana kitu, na huku anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

Kitinda alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa ameapa. Akasema ana homa kidogo, akapewa dawa, akaimeza.

Jumamosi ikafika. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, maana meza ya Injinia ilikuwa imekamilika, imepakwa rangi ya kijivu, na Baba alikuwa ameiweka mbele ya karakana kama bibi harusi. Kitinda alipiga. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Alipiga tena.

"Kitinda," Kaka alisema. Sauti yake ilikuwa laini, imepumzika. Kitinda akafurahi. Furaha hiyo haikudumu.

"Kile kikokotoo changu nimempa Twiga," Kaka aliendelea. Twiga alikuwa kijana mrefu waliyelala naye chumba kimoja. "Vitabu nimegawa. Koti nimegawa. Sivihitaji tena."

"Kwa nini? Unahama?"

"Nimechoka tu. Mwambie Mama asinifikirie vibaya. Na wewe soma, lakini usisome kama mimi."

"Kaka, unakwenda wapi?"

Kitinda alisikia mlango ukifungwa mahali, na ufunguo ukizungushwa. Halafu simu ikakatika yenyewe.

Mtoto wa darasa la sita hajui kila kitu, lakini hilo alilielewa. Kikokotoo kile Kaka hakumruhusu hata kukifuta vumbi. Alilala nacho chini ya mto. Mtu hagawi kitu kama hicho kwa sababu ya kuchoka tu.

"Haya, spika!" Baba alisema, akijiweka sawa.

"Baba, kuna jambo..."

"Jambo baadaye. Watu wanangoja."

"Labda leo ni wa kwanza, anaona haya kusema!" kinyozi alidakia, na watu wakacheka.

Kitinda aliitazama midomo yao ikicheka. Akaichukua ile simu akaishika kifuani kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ambayo hakujua kama anayo:

"Hakuna wa pili! Nilidanganya! Kaka ni wa mwisho, na anaumwa, halali, hali, na leo amegawa vitu vyake vyote na kuniaga! Mama! Mama njoo!"

Kinyozi alishusha mguu. Uso wa Baba ulibadilika pole pole, kwanza haukuelewa, kisha ukaelewa mambo mawili, na kwa bahati mbaya ukashika lile dogo.

"Unanifedhehesha," alisema. "Mbele za watu. Unanifedhehesha mimi baba yako."

Alikuwa amekwisha kuinua mkono Mama alipotokea mlangoni, tepu ya kupimia shingoni, mkasi mkononi. Hakumtazama Baba. Hakuuliza habari za wa pili wala wa mwisho.

"Amesema anakwenda wapi?" aliuliza.

"Hakusema. Nilisikia anafunga mlango. Kwa ufunguo."

"Una namba ya huyo mwenzake?"

Kitinda alikuwa nayo, maana Twiga aliwahi kumwazima Kaka simu. Mama alichukua ile simu kutoka mikononi mwake, akangoja mpaka ikapokelewa. "Mwanangu, mimi ni mama wa mwenzako. Nenda chumbani kwenu sasa hivi. Kimbia. Kama umefungwa, piga mlango, ita watu, vunjeni. Usimwache peke yake hata kama atakufukuza. Mimi nakuja."

Kisha akaweka mkasi chini, akachukua mkoba, na kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, akatia ndani sketi mbili zilizobaki kupindwa. "Vaa viatu," alimwambia Kitinda.

"Na mimi je?" Baba aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Wewe baki na wageni wako, Baba Injinia."

Walisafiri mchana kutwa. Basi lilikuwa na joto, na kila walipopita kituo Mama aliuliza, "Bado sana?" kana kwamba Kitinda ndiye dereva. Twiga alipiga mara moja. Kaka yumo chumbani, amejibu, lakini amekataa kufungua, ufunguo ameuacha kwa ndani, na mlango ni wa chuma. Wamekaa mlangoni. Muuguzi wa chuo naye yupo.

Chuo kilikuwa kikubwa na safi. Njia zake zilipigwa sakafu, majani yamekatwa sawasawa, na vijana walipita na mabegi mazito bila kuinua macho. Mbele ya ofisi palikuwa na ule ubao. Kitinda aliutazama kwa wasiwasi, kama unavyomtazama mtu uliyesikia sifa zake mbaya. Ulikuwa ubao wa kawaida tu, wenye karatasi na pini. Kijana mmoja alikuwa amesimama mbele yake, kidole kikishuka karatasini, kikishuka, midomo ikitikisika.

Bwenini walimkuta Twiga amekaa sakafuni, magoti yamefika masikioni. "Shikamoo Mama," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nilichukua kile kikokotoo. Alinipa nikachukua, nikasema ahsante. Nilifurahi, Mama. Sikufikiri hata kidogo."

"Haya, mwanangu. Nyanyuka."

Mama aliketi mahali pake, mgongo kwenye mlango, akatoa sketi na sindano. Muuguzi, mama wa makamo mwenye viatu vya raba, alimnong'oneza kwamba fundi wa makufuli yuko njiani. Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akaanza kupinda, akaongea na ule mlango kama anavyoongea nyumbani mtu akiwa chumba cha pili.

"Ni mimi. Nimekaa hapa chini, na sakafu yenu baridi kweli. Nimekuja na sketi mbili za watu, na moja, mtoto mwenyewe amerefuka mpaka nimekosa pindo. Baba yako hajaja. Simu nimezima."

Wanafunzi waliopita waliruka miguu yake, wengine wakasimama mbali. Mama aliendelea. Alieleza habari za kitambaa kilichopanda bei, na paka wa jirani aliyezalia ndani ya kikapu cha vitambaa, na uzi mbaya unaokatika. Hakusema fungua hata mara moja. Kitinda alisimama pembeni, ameuma kidole. Alitaka kupiga kelele kwamba aache habari za paka. Lakini alipotega sikio alisikia, upande wa pili, kitu kikiburutwa sakafuni, na mtu akikaa chini, nyuma kabisa ya mlango.

"Mama," sauti ilisema, karibu. "Nimefeli."

"Nimesikia. Sogea niingie, mgongo unaniuma."

Ufunguo ukazunguka.

Chumba kilinuka chai iliyolala. Vikombe vilikuwa kila mahali, na ukutani, kutoka dari mpaka kitandani, palibandikwa karatasi za hesabu, moja juu ya nyingine, hata dirisha limezibwa. Kaka alikuwa amesimama katikati, amekonda, shati linamning'inia. Mama alimkumbatia kwa muda mrefu. Kisha akaenda akachana zile karatasi za dirishani, akafungua, hewa ikaingia.

Ndipo Kaka alipomwona Kitinda.

"Uliapa," alisema.

"Niliapa."

"Basi. Usinisemeshe tena." Akageuka.

Kitinda alilia pale koridoni, na ni Twiga aliyempa leso.

Katika chumba cha matibabu, muuguzi na daktari walizungumza na Kaka peke yake kwanza, kwa muda mrefu. Halafu muuguzi akamwita Mama. Alieleza bila kuficha na bila kutisha. Mwanao anaumwa, alisema. Ni ugonjwa wa akili iliyobebeshwa mzigo mpaka ikaelemewa, na mzigo huo ukimfanya mtu atake kutoroka hata uhai wake, hapo hangojewi. Una dawa, una mazungumzo na mtaalamu, una kupumzika. Chuo kitampa ruhusa ya mwaka mzima, na akipona ataamua mwenyewe kama anarudi, ama anasoma kitu kingine.

"Wapo wengi?" Mama aliuliza.

Muuguzi alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mama, wanachukua watoto wote waliokuwa wa kwanza, wanawaweka chumba kimoja, wanawapanga mstari. Hata wangekuwa na akili kiasi gani, lazima mmoja awe wa mwisho. Wa mwisho hapa ni bingwa kwao. Hilo nimelisema kwenye vikao mpaka nimechoka. Majina ya wanaoletwa kwangu hayabandikwi ubaoni, ndiyo maana watu wanadhani hayapo."

Walirudi nyumbani na Kaka. Mtaa uliwapokea kwa macho. Waliompongeza jana walianza kusema kwamba siku zote walimwona hana uso wa injinia. Shuleni Mwalimu Mkuu hakumtaja tena Kitinda gwarideni, na wasichana wakubwa walipata mwingine wa kukaa naye. Kinyozi alijaribu mzaha mmoja tu. "Baba Injinia, leo redio yako haifunguliwi?" Baba alimtazama mpaka akarudisha kiti chake ng'ambo, na hakuvuka tena.

Baba mwenyewe alikuwa mgumu. Kwa siku nyingi hakuingia chumbani kwa mwanawe. Alichomelea vyuma asubuhi mpaka jioni, cheche zikiruka. Jioni moja akamwambia Kitinda kwa uchungu, "Ungeniambia pembeni. Ungenivuta kando tu, mwanangu, ukaniambia."

Kabla Kitinda hajajibu, Mama alijibu. Miaka yote alikuwa amenyamaza, na siku hiyo alimpa mumewe vidonge vyake.

"Wewe ulikuwa unamuuliza hadharani, halafu unataka ujibiwe pembeni? Ulimweka mtoto kwenye kopo, watu wakamsikiliza akizama, mkacheka. Na mimi usidhani najitoa. Nilisikia sauti yake inapungua kila wiki, nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisiisikie. Aliyesema ni huyu mdogo. Sote tuliobaki tulikuwa tunangoja namba."

Baba aliinamisha kichwa. Hakuomba radhi, hakuwa na mazoea hayo. Lakini kesho yake alionekana mlangoni mwa chumba cha Kaka, chupa ya mafuta ya mashine mkononi, akisema amekuja kuangalia bawaba. Bawaba hazikuwa na tatizo lolote. Alizipaka mafuta hivyo hivyo, moja baada ya nyingine, taratibu sana. Alipomaliza akabaki amesimama.

"Umekula?" aliuliza.

"Kidogo, Baba."

"Haya. Kula tena." Akaondoka haraka, akijifuta mikono ambayo haikuwa na mafuta.

Kitinda hakupata hata hicho kidogo. Kaka alikuwa akipata nafuu. Alilala usiku, alimeza dawa zake, kila wiki alikwenda kuzungumza na mtaalamu na kurudi amechoka lakini mwepesi. Aliongea na Mama, aliongea na Twiga kwenye simu. Kitinda akipita, aligeuza uso. Akimpelekea chai, alipokea kikombe bila kuinua macho.

Siku moja Mama alikuwa anafua nyuma ya nyumba, na Kitinda anasuuza. Walifika kwenye shati la Kaka. Kitinda akalishika ndani ya maji asilikamue.

"Mama, atanichukia mpaka lini?"

Mama alikung'uta povu mikononi, akakaa vizuri juu ya kigoda.

"Sijui. Pengine kwa muda mrefu. Nisikilize, na uyashike haya mpaka uwe mtu mzima. Ule uongo wako wa kwanza ulikuwa mbaya. Ulimfungia kaka yako mlango wa kusema kweli, na ulijifaidisha mwenyewe. Usirudie. Lakini kile kiapo ulifanya sawa kukivunja. Siri ya zawadi, tunza. Siri ya mtu kumpenda fulani, tunza. Lakini mtu akikwambia anaumia, halafu akakuapisha usiseme, hiyo si siri ya kutunza. Tafuta mtu mzima, useme. Wa kwanza asipokusikia, nenda kwa wa pili, piga kelele kama ulivyopiga. Atakukasirikia. Mwache akukasirikie. Afadhali ubebe hasira yake miaka kumi, kuliko mimi nibebe kile ambacho ningekibeba."

Mama alilichukua lile shati mikononi mwa Kitinda, akalikamua mwenyewe, akalikamua tena na tena, hata maji yalipokuwa yamekwisha.

Upepo ulivuma, mlango wa chumba cha Kaka ukafunguka wenyewe bila bawaba kulia, ukagonga ukuta.

"Wee Kitinda!" sauti iliita kutoka ndani, kavu, imejaa ghadhabu na usingizi. "Mlango huo! Huoni mtu amelala?"

Kitinda, ambaye Kaka hakuwa amemsemesha tangu siku ile ya bwenini, aliruka, mikono ikidondosha maji, akakimbia kuufunga.